Mtu wa Bondeni na Pazia Lake

Nguruwe wa jirani yetu alikuwa jike, mnene, mwenye tabia ya kuingia mahali pasipomhusu. Nianze na huyo, ingawa sina sababu nzuri ya kuanza naye. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, sijui vizuri, kwetu kuzaliwa kwa mtoto kulikumbukwa kwa mavuno ya mwaka ule, si kwa tarehe. Kijiji chetu kiko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga, upande wa milima ya Mbizi, na pale palikuwa na misheni yenye kanisa la matofali, karakana ya seremala na stoo. Siku hiyo watu wazima walikuwa shambani wanafukia nyasi. Sisi Wafipa hatuchomi majani ya shamba. Tunayafunika kwa udongo kwenye matuta ya mviringo, makubwa kama vyungu vilivyofudikizwa, yaozee humo mpaka msimu unaofuata. Mgeni akipita anadhani tumezika ukoo mzima. Basi watu wako shambani, nguruwe akaingia stoo ya misheni, akaangusha debe la rangi ya kijani na kugaagaa ndani yake.

Alipotoka alikuwa wa kijani kuanzia masikio mpaka kiunoni. Tulimkimbiza kijiji kizima. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika ulezi alipomwona aliacha ungo palepale, akaingia ndani, akafunga mlango, na mpaka jioni ukipita ukutani kwake unasikia rozari. Nguruwe mwenyewe hakujali kitu. Aliishi na rangi yake miezi kadhaa, na alipochinjwa wako waliokataa nyama yake wakisema si ya kawaida. Mimi nilikula.

Sasa bruda wa pale misheni, Mzungu mrefu mwenye kikohozi, alitafuta wa kukwangua sakafu ya stoo, akanikamata mimi kwa kuwa nilicheka kuliko wenzangu. Nilikwangua siku mbili. Siku ya tatu akanipa brashi nipake mlango wa choo. Nikapaka. Akauangalia, akasema mkono wangu hautetemeki. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto wanane na hakuna aliyewahi kusifiwa mkono wake, labda kwa kupalilia. Nikamng'ang'ania yule bruda. Shule niliacha darasa la nne, lakini kwa bruda nilikaa mpaka nikaota ndevu. Nilipaka milango, nikaandika namba kwenye mabenchi, nikarudishia nyuso za watakatifu zilizobanduka rangi. Kwaya ikakosa mpiga ngoma, nikapiga ngoma. Krismasi ilipoigizwa nikawa mchungaji wa kondoo, na miaka iliyofuata nikawa Herode. Herode nilimpenda, kwa sababu Herode anaruhusiwa kugomba mbele ya mapadri.

Kwa hiyo rangi, maigizo na ngoma vyote nilivipata kwenye uwanja mmoja, na hakuna nilichosomea. Siku hizi huja vijana wenye daftari kuniuliza sanaa yangu ilianzia wapi. Wanataka nitaje chuo. Mimi nawatajia nguruwe, nao hawaandiki.

Lakini nilikaa chini kuandika habari za mtu mwingine, na naona nazunguka kwa sababu sitaki kufika.

Nilihamia mjini na mke wangu na mtoto mmoja, tukapanga mtaa wa Chanji. Mwanzo tuliishi kwa shida. Ile ilikuwa miaka ya maduka matupu, na duka lisilo na sabuni linahitaji bango la nini? Nilipaka chokaa kwenye nyumba za watumishi, basi. Halafu biashara ikafunguliwa, watu wakaambiwa ruksa, na mji ukaanza kujaa vitu kana kwamba vilikuwa vimejificha chini ya ardhi. Mitumba, redio, baiskeli, vitenge vya kutoka upande wa Zambia. Aliyekuwa na mtaji kidogo alifungua duka, asiye na mtaji akafungua kinyozi. Na kila mmoja alitaka jina ukutani na picha chini yake, maana wateja wengi walisoma picha kabla ya herufi. Niliandika mashine za kusaga, hoteli, mafundi cherehani, malori. Ukitoka stendi mpaka sokoni ulikuwa unasoma mwandiko wangu kama barua ndefu. Niliitwa Fundi tu, hakuna aliyehitaji kuongeza neno.

Jioni na Jumapili nilikuwa na kikundi. Tulikuwa watu kumi na mmoja hivi, wanaume kwa wanawake, tukifanya maigizo na nyimbo kwenye ukumbi wa zamani karibu na soko. Tuliigiza mganga wa uongo, baba mlevi, mambo ya choo na maji ya kuchemsha. Mimi nilichora pazia la nyuma ya jukwaa, nilipiga ngoma, na nilikuwa baba mlevi. Watu walilipa kuja kuona vitu vitatu na vyote vilikuwa mimi. Nasema hivi ili ujue nilikuwa nimekaa wapi kabla mtu huyo hajaja.

Alikuja juu ya lori la mpunga kutoka Mtowisa. Ni mtu wa rika langu, Msukuma, wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakateremkia bonde la Rukwa yeye akiwa mdogo. Alikuwa mwembamba, ana pengo la jino la mbele, amebeba mfuko wa sandarusi na zeze aliloliweka ndani ya mguu wa suruali kuukuu ili lisilowe. Alinikuta nachora kichwa ukutani kwa kinyozi. Akaniamkia vizuri, akasimama. Watu huwa wanasimama kumwangalia fundi dakika mbili tatu wanaondoka. Huyu alisimama mpaka nikamaliza sikio.

"Kaka, naomba kibarua," akasema. "Hata kuosha brashi."

Nikamuuliza kama anajua kuchora. Akasema kwao bondeni, wakati wa mashindano ya ngoma, kila upande hutengeneza masanamu na vichekesho vya kuwavuta watazamaji waukimbie upande wa pili, na kwamba upande wao yeye ndiye aliyechonga, akapaka rangi, akapiga zeze, akacheza. Alisema kama mtu anayetaja kazi za nyumbani. Nikampa kazi ya kupaka mistari ya pembeni.

Mistari ilikuwa imenyooka. Nikampa herufi. Baada ya mwezi mwanamke mmoja mwenye hoteli karibu na stendi alitaka mgebuka ukutani, kwa sababu aliuza samaki wa Ziwa Tanganyika, nami nilikuwa na homa, nikamtuma yeye. Nilipopona nilipita pale. Samaki alikuwa amelala kwenye sahani, mgongo unang'aa kijivu, jicho limegeuka kidogo juu kana kwamba ndiyo kwanza ametambua yuko mezani. Nilisimama barabarani mate yakanijaa mdomoni. Mimi, niliyejua kwamba ni buluu ya kufulia na unga wa betri kuukuu.

Mama wa hoteli akatoka akifuta mikono. "Huyu nimempenda, Fundi. Yule uliyenichorea mwaka juzi alikuwa kama kandambili."

Akacheka, na wateja wake wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaenda nyumbani nikalala tena, nikamwambia mke wangu homa imerudi.

Wivu wa mwanamume juu ya mwanamke unaeleweka, kuna watu wa kukuhurumia. Wivu juu ya samaki wa ukutani utamwambia nani? Nilianza kumpa kazi mbaya. Nilimpeleka kuandika matela ya trekta kwenye matope. Nilimwambia brashi nzuri zimekwisha. Alirudi na kazi nzuri zaidi, ameifanya kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Wateja wakaanza kuja uani kwangu, wananiamkia, wananiuliza habari za mtoto, na huku macho yao yanatafuta nyuma yangu. "Yule wa bondeni yuko?" Sokoni watu walimwita Bondeni, na waliniuliza kama ni ndugu yangu, kwa jinsi tulivyofuatana.

Kwenye kikundi, alikoingia naye, ndiyo usiseme. Zeze lake lilikuwa na nyuzi mbili tu, lakini likianza kulia ngoma yangu inakuwa kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Alitunga wimbo juu ya ng'ombe aliyepotea, mtani anayemtafuta, na kila anayeulizwa anamweleza rangi tofauti ya ng'ombe. Wimbo wenyewe ni wa kitoto. Siku moja nikafika nyumbani, mke wangu yuko kwenye ngazi anachagua maharage, anauimba chini chini ule wimbo. Hakuwa na neno lolote na yule mtu, nalisema wazi, alikuwa akimwita shemeji na kumpa ugali kama anavyowapa wengine. Alikuwa tu anachagua maharage. Nikamwambia anyamaze, kichwa kinaniuma. Akaniangalia.

"Kichwa kinakuuma kila nikiimba huu," akasema. "Ukiwa mwingine hakiumi."

Wanawake wa kwetu hawagombi, wanasema kitu kimoja halafu wanaendelea na maharage.

Mwaka huo, masika yakiwa yamekolea, Bwana Utamaduni alikuja mazoezini. Ndivyo tulivyomwita afisa wa utamaduni wa pale, mtu mpole mwenye pikipiki isiyowaka. Akatuambia kuna chuo cha sanaa huko pwani kimetenga nafasi moja kwa mkoa wetu. Miaka miwili, chakula na malazi bure, na atakayetoka huko ataajiriwa. Mwalimu wa chuo atapita kutazama. Hawataki vyeti, wanataka mtu anayeweza kuchora, kuigiza na kupiga muziki, vyote vitatu. Akaniangalia mimi. Halafu, na hapa ndipo nilipomchukia bure mtu mpole, akamwangalia Bondeni.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mtoto wa pili, ndoo nne za rangi na jina lililojulikana mtaa mzima. Lakini ile nafasi niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka mtu aliyesoma auangalie mkono wangu aseme alichosema bruda.

Tukakaa kugawana kazi za mchezo. Nilijua pazia ni langu, nilikuwa nimechora yote kabla ya hapo. Mama mmoja wa kikundi, mwimbaji wetu mkuu, mtu mzima niliyemheshimu, akasema taratibu kwamba safari hii Bondeni ndiye achore. Wengine wakatazama chini, na nikajua wamekwisha kuzungumza. Nikasema sawa. Nikasema hata mimi nilikuwa na wazo hilo.

Mchezo ulikuwa wa mfugaji aliyefika ukingoni mwa mlima akaliona bonde kwa mara ya kwanza. Bondeni ndiye mfugaji. Akasema bonde halichoreki kwa rangi ya dukani, litakuwa bango. Akataka udongo. Akaleta mwekundu wa kichuguu, mweupe wa mtoni, mweusi, akachanganya na uji mzito wa muhogo, kama walivyofanya kwao kwenye yale masanamu, akaupaka kwenye kitambaa cha amerikani upana wa jukwaa zima. Alichora siku nne, milango imefungwa kwa sababu ya mvua.

Siku ya tano, kesho yake ndiyo mgeni anafika, nikaingia kuona. Nieleze nini? Ukilitazama, ulikuwa umesimama juu ya ukingo, miguu yako imeishia. Chini kabisa joto linatetemeka, ng'ombe wadogo kama dagaa waliomwagika, na ziwa halikuwa la buluu, lilikuwa jeupe, kama linavyokuwa kweli saa sita mchana. Mimi nimezaliwa karibu na ukingo ule. Nimeliona bonde lile tangu nachunga mbuzi, na sikuwahi kujua kuwa ziwa ni jeupe. Alitoka huko chini mtu mwenye pengo akaja kunionyesha.

Nikasogea, nikaligusa pazia kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa la baridi.

Hapa msomaji wa mbali lazima nimweleze. Huku juu Ufipa kuna baridi, na masika ukungu unalala nyumbani kama mgeni. Wanawake wetu hawapaki kuta udongo miezi hiyo, na akilazimika mtu kupaka, kwa msiba au harusi, anakoka moto ndani siku mbili, mchana na usiku, na haamini macho, anagusa kwa mgongo wa kidole. Ukiwa wa baridi, ndani bado ni tope hata kama juu umekuwa ngozi. Hilo hatufundishwi, tunalijua tu, kama kujua mlango wa nyumba yenu. Kule bondeni jua linakausha uji kabla hujageuka kuchovya tena. Yeye aliona rangi imepauka, akadhani imekauka.

Alikuwa nyuma yangu ananawa. "Unalionaje, kaka? Kesho tunaweza kulitundika?"

Kulikuwa na kuni nyuma ya ukumbi. Kulikuwa na majiko mawili ya mkaa ya mama ntilie wa jirani, angetuazima. Usiku mmoja wa moto ungetosha, au ungekaribia kutosha. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni.

"Tundika tu," nikasema.

Mgeni alikuja mchana baada ya chakula, mwanamume wa makamo mwenye viatu vyeupe vya raba. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo watu walijaa, wengine kwa ajili ya mchezo na wengine kwa ajili ya paa. Makoti yaliyolowa yakaanza kutoa mvuke. Pazia lilipofunuliwa ukumbi ulinyamaza, na mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilipiga ngoma huku nikiomba likauke, nakwambia kweli, na huku nikiomba lisikauke.

Bondeni akatokea jukwaani na fimbo yake ya mfugaji. Alikuwa hajafika kwenye wimbo wakati ziwa lilipoanza kushuka. Liliteremka taratibu, jeupe, likawafunika ng'ombe. Kisha mlima ukabanduka ngozi nzima na kumwagika kwenye mbao, pwaa, kama samadi mbichi. Yeye alikuwa amewapa mgongo watu, amenyoosha mkono kuelekea bondeni kama mchezo unavyotaka, na bonde linaanguka mbele ya mkono wake.

"Ziwa linahama, jamani," mtu akasema nyuma, na ukumbi ukapasuka kicheko.

Alijaribu kuimba juu ya kicheko. Sauti ikakatika, akaanza tena. Wanawake wa safu ya mbele walikuwa wananong'onezana kwamba kuna mkono wa mtu, kuna kitu kimefanywa, na kwangu ngozi ya ngoma ikawa inateleza kwa jasho. Hakukuwa na kitu kilichofanywa. Ndiyo ubaya wake. Tope likafika ukingoni mwa jukwaa, likamdondokea mgeni kwenye raba zake nyeupe, akainuka kuzifuta.

Hatukumaliza. Mgeni alikuwa na adabu, alitushika mikono wote. Kwangu alisema ngoma imepigwa vizuri, basi, kama unavyomwambia mtu kuwa chai ni ya moto. Sikuulizwa kitu kingine. Bwana Utamaduni alimsindikiza garini, akarudi amelowa, akatuambia mgeni amesema nafasi ile itakwenda mkoa mwingine, hapa bado watu hawajajiandaa. Wenzetu wakatawanyika mmoja mmoja.

Tukabaki kusafisha, mimi, Bondeni, na yule mama mwimbaji aliyeleta ndoo. Bondeni alipiga magoti anakusanya udongo kwa viganja, anaugawa, mwekundu huku, mweupe huku, kana kwamba bado una kazi. Mama alikuwa anapiga deki, anasema peke yake kwa uchovu zaidi kuliko kwa hasira.

"Udongo wa masika bila moto," akasema. "Hata mtoto wa hapa anajua. Kwani Fundi hakukwambia?"

Palepale akaangalia ndoo. Bondeni aliacha mikono yake ilivyokuwa. Akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Ulijua, kaka?"

Ningeweza kusema sikugusa. Ningeweza kusema nilisahau, angeamini, alikuwa mtu wa kuamini.

"Nilijua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa nyumba. Akasuuza mikono kwenye ndoo, akakamua kitambaa cha deki, akakitandaza vizuri kwenye mdomo wa ndoo. Akalichukua zeze lake pembeni ya jukwaa, akalivisha ule mguu wa suruali, akafunga fundo. Nilidhani anakwenda tu kusimama barazani apate hewa. Akapita mlango wa mbele, akashuka ngazi mbili kwenye manyunyu, akageukia upande wanakosimama malori ya bondeni, anatembea mwendo wake wa kila siku, na hakurudi tena.